Toa Risasi, Shemeji

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mke wangu Fatuma anasema hata chai nikipewa naichungulia kwanza. Sawa tu. Kazi yangu ndiyo imenifundisha. Nina kibanda cha ufundi hapa Gerezani, nyuma ya maduka ya spea. Mbele natengeneza vyerehani, na ndani, nyuma ya mlango wa chuma, natengeneza bunduki na bastola za watu wenye leseni zao. Kibali ninacho, kimebandikwa ukutani, na polisi wanakuja kukikagua. Miaka ishirini na sita sijawahi kuletewa silaha nikaambiwa, "Haina kitu, fundi," nikaamini. Naichungulia mwenyewe, naingiza kidole mwenyewe. Mara nne nimekuta risasi imekaa ndani ya silaha "isiyo na kitu". Kwa hiyo watu waniache na shuku zangu.

Sasa mwaka jana, mwezi wa nane, Jumatatu asubuhi, akaja Mama Severa.

Mama Severa, jina lake Caroline, ni mke wa rafiki yangu Heriel. Heriel ni Mchaga wa Marangu, ana duka la vitambaa vya jumla Mtaa wa Kongo. Mimi namwita Mangi, kama Wachaga wote wenye maduka wanavyoitwa hapa mjini, na yeye ananiita Mswahili, tena kwa dharau kabisa, na tunapendana. Huyu Mangi ana bastola ya shabaha. Si ya kujilindia, ni ya mchezo: mtutu mrefu, mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja chake, risasi zake nyembamba kama kipande cha penseli. Miaka kumi na tano, kila Jumamosi, anaenda klabu yao nje ya mji kutoboa karatasi. Vikombe vyake alivipanga dukani, juu ya majora ya satini, na mteja akiuliza bei ya kitambaa anahadithiwa kikombe kwanza.

Kila baada ya miezi mitatu alikuwa ananiletea bastola mwenyewe. Anakaa kwenye kigoda, anaangalia kila skrubu ninayofungua, na mdomo haufungi. Mwaka huo alikuwa hajaja hata mara moja, nikadhani biashara imembana.

Siku hiyo kaja mke, peke yake. Bastola kaitia ndani ya kopo la biskuti, kopo kaliweka ndani ya kikapu, na juu ya kikapu kafunika mchicha.

"Za asubuhi, shemeji?"

"Nzuri. Mangi yuko wapi?"

"Yupo dukani."

"Anajua umebeba hii? Wewe huna leseni, Mama Severa. Ukikamatwa nayo njiani unalala ndani."

Alikaa, akavua kilemba, akakivaa tena. "Naomba uisafishe tu, shemeji. Na utoe risasi. Toa kabisa, nisisikie ina kitu ndani."

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Halafu usiharakishe. Hata ikikaa mwezi, ikae. Na Baba Severa usimwambie kama iko huku."

Hee! Nimeanza ufundi sijaota ndevu, na sijapata kuona mteja anayemwomba fundi achelewe. Wateja wa Kariakoo wanataka kitu jana. Na huyu hataki mume ajue.

Nikachukua bastola, nikachomoa magazini, nikavuta sehemu ya juu nyuma, nikachungulia chemba, pale risasi inapokaa, nikaingiza kidole. Tupu. Nikaanza kuifungua mbele yake: skrubu ya mtutu, springi kubwa, kile kipande kinachorudi nyuma, pini. Akawa anafuatisha mikono yangu kwa macho.

"Ikiwa vipande hivi," akasema, "mtu anaweza kuifunga mwenyewe nyumbani?"

"Mangi anaweza hata amefumba macho. Wewe huwezi."

"Hata amefumba macho," akarudia, taratibu, akaondoka bila kuaga. Mchicha wake akausahau.

Basi kichwa changu kikaanza kusaga. Mke anaiba bastola ya mumewe. Anauliza inafungwaje. Anataka isijulikane ilipo. Nikamwambia Fatuma jioni, "Yule mwanamke ana jambo na Mangi. Anataka kumwua." Fatuma akacheka mpaka akakohoa. "Achana na mambo ya watu, Haruna. Kula mchicha wako." Mchicha wenyewe ulikuwa wa Mama Severa, nikaukataa. Niliogopa kweli. Mangi ni mtu mzima wa miaka sitini na tatu, anamwamini kila mtu, na mimi rafiki yake ndiye pekee niliyejua kwamba yuko hatarini.

Niwaeleze jambo moja la aina hii ya bastola, kwa sababu linakuja kuwa na maana. Bastola nyingi pini inapiga katikati ya tako la risasi. Hii inapiga ukingoni. Ukivuta kifyatulio wakati ndani hakuna risasi, pini inagonga mdomo wa chemba, chuma kwa chuma, na inaacha kovu. Haipigwi kavu. Mwaka mmoja niliipiga kavu mara moja tu, kuijaribu, Mangi akiwa hapo kwenye kigoda. Aliruka kama nimemkanyaga mtoto wake. "Mswahili mshenzi wewe! Unaniharibia chemba!" Hakunisemesha siku tisa. Huyo ndiye Mangi. Afadhali umtukane mama yake kuliko kuipiga kavu ile bastola.

Na jambo la pili ni la kwangu. Marehemu baba, aliyenifundisha kazi, hakuacha pini mezani. Silaha ya mtu ikiwa imefunguliwa, pini yake aliitia kwenye kikebe cha bobini, na kikebe akakiweka mfuko wa shati mpaka kazi iishe. Alisema pini ni ndogo, inabingirika. Mimi nafanya hivyohivyo, na nikitembea kinalia kacha kacha, mtaa mzima unajua Haruna ana kazi ya ndani.

Jumanne nikaingia kwenye mtutu. Risasi za bastola hii ni za risasi tupu, yaani yale madini laini yenye jina hilohilo, hayakuvikwa shaba, kwa hiyo kila ukipiga yanaacha utando wa risasi kwenye mistari ya ndani. Kwa kawaida wa Mangi unatoka kwa kitambaa mara tatu. Safari hii ulikuwa mkavu, umeganda kama ukoko. Nikaloweka, nikasukuma brashi ya shaba, nikaloweka tena. Mswaki wa zamani kwenye pembe, oili ya cherehani tone moja moja. Uchafu wa namna ile haupatikani kwa wiki mbili. Bastola ilikuwa haijapigwa miezi, pengine saba, pengine nane. Mangi hajawahi kukosa Jumamosi hata alipokuwa na malaria. Nani kamzuia?

Chini ya kitambaa, ndani ya lile kopo, nikakuta na boksi la risasi zake. Nikalirudisha palepale. Mali ya mtu siichezei.

Jumatano Mama Severa akapiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Shemeji, risasi umetoa?"

"Nimetoa. Nimehangaika nayo kutwa nzima, lakini imetoka."

"Kabisa?"

"Nakwambia mtutu unang'aa, mama! Unataka nikuapie?"

Nikamsikia analia. "Mungu akubariki, shemeji. Mungu akubariki sana." Akakata.

Mimi nimebaki na simu sikioni. Nani analilia mtutu wa bastola? Wallahi, nilisema, hapa pana kitu.

Alhamisi sikufungua kibanda. Nikaenda Mtaa wa Kongo nikipenya katikati ya mikokoteni na watu wa mabegi, mpaka dukani kwa Mangi. Severa, bintiye, ndiye alikuwa anapima vitambaa na kukata. Mangi mwenyewe kakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, anaangalia barabarani. Vikombe havipo. Pale juu ya satini pamebaki vumbi lenye alama za duara.

Nikasimama mbele yake. Akanitazama, hakusema kitu.

"Mangi!"

"Aa," akasema, uso ukageukia sauti. "Mswahili. Taa za duka hili mbovu, nitawafukuza hawa mafundi."

Akapapasa chai yake kwenye stuli, kidole kikaanguka ndani ya kikombe kwanza. Suruali ina doa. Mangi, mtu anayepiga pasi mpaka leso! Nikajiambia, basi tena, wameshamwekea kitu kwenye chakula. Mama na binti wamekamata duka, baba wamemfanya zezeta, kilichobaki ni kummaliza. Nilikasirika mpaka nikasikia masikio yanapiga.

Severa alipogeuka kuhudumia mteja, nikamwinamia. "Bastola yako iko kwangu."

Hapo ndipo nilipomwona Mangi ninayemjua. Uso ukachangamka, akaukamata mkono wangu kwa nguvu. "Kumbe! Nimeitafuta nyumba nzima."

"Mkeo ndiye kaileta. Kisirisiri. Mangi, fungua macho."

Akacheka, kicheko kibaya. "Usimwambie kama nimejua. Kesho nitaifuata."

Nilirudi Gerezani natembea kifua mbele. Nimemwokoa rafiki yangu, mimi Haruna, ambaye mke wangu ananicheka.

Usiku ule nikawaza vizuri. Mangi akirudi nayo nyumbani, mke si ataikamata tena? Nikapata ujanja. Nikaifunga yote, kila skrubu, isipokuwa pini. Pini nikaiacha ndani ya kikebe cha bobini, mfukoni. Ukiitazama kwa nje hujui kitu. Jumamosi nitaenda naye klabu, nitaitia palepale kabla hajapiga. Mpaka hapo mwanamke yule hata akiishika, ameshika bubu. Na Mangi sikumwambia, kwa sababu Mangi na siri ni maji na mafuta ya taa.

Ijumaa saa tano akaja na bajaji. Dereva akamshika mkono kumpitisha mtaroni. Nikaona, nikasema ni adabu ya kijana. Nikamfungulia daftari atie sahihi, akaitia nje ya mstari, mpaka ukurasa wa pili. Nikaona, nikasema ni haraka.

"Risasi?" akauliza.

"Zimo kwenye kopo, chini ya kitambaa. Sijagusa hata moja."

Akanikumbatia. Miaka yote hiyo Mangi hajanikumbatia hata siku ya Idi. "Asante, Haruna," akasema.

Haruna! Si Mswahili, Haruna. Na mimi mtu wa kushuku, ninayechungulia chai, sikushuku. Nikachukua kofia yangu nikaenda kuswali Ijumaa, roho nyeupe.

Jumamosi nikafika kibandani saa moja asubuhi, kuwahi safari ya klabu. Nikamkuta Mangi kakaa kwenye kizingiti cha mlango, kopo la biskuti mapajani. Shati ni lilelile la jana. Hajanyoa.

"Umewahi, Mangi. Tunaenda?"

"Haruna," akasema, "hii haipigi."

Nikaanza na ukali wangu, ndio nilivyo. "Haipigi nini? Nani kakwambia haipigi? Bastola nimeisafisha kutwa nzima, mtutu kama kioo, halafu unaniletea maneno ya..."

Nikakoma.

Klabu inafungua saa nne. Sasa ni saa moja. Na Mangi haipigi kavu. Mangi hajawahi kuipiga kavu, hata mara moja, na hataipiga mpaka afe. Kwa hiyo Mangi kujua kwamba haipigi, ni lazima aliweka risasi, akavuta.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

Nikalichukua kopo mapajani mwake, akaliachia bila ubishi. Nikaingia ndani, nikaishika bastola juu ya meza, nikavuta sehemu ya juu nyuma. Ikatoka risasi moja, nzima, ukingo wake hauna hata alama. Ikabingirika mezani mpaka ikagota kwenye chupa ya oili. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima.

Akaja akipapasa ukuta, akakaa kwenye kigoda chake.

"Macho, Haruna. Daktari aliniambia mwezi wa kwanza. Mshipa umekufa, hakuna dawa wala miwani. Kwanza ilipotea ile karatasi ya shabaha. Nikasema poa, nitakaa dukani. Zikapotea rangi za vitambaa. Wiki iliyopita nikamwita Severa kwa jina la mama yake, na alikuwa amesimama hapa, karibu kama wewe." Akasugua uso kwa viganja. "Caroline ananikatia nyama kwenye sahani. Jana walipolala..."

"Nyamaza!" nikamfokea. "Nyamaza, mpumbavu mkubwa wewe! Si ungeniambia? Kinywa hicho kinachosema mwaka mzima habari za vikombe, hili moja likakushinda?" Na nalia, sioni haya kusema. Nilimshika shati nikamtikisa. Yeye akawa analegea tu mikononi mwangu, na baadaye akaanza kulia na yeye, kwa sauti, wapita njia wakachungulia, nikawafungia mlango.

Simu ikaita. Mama Severa. Nikapokea, na kabla sijasema neno alikuwa anahema kama anakimbia.

"Shemeji, Baba Severa hayupo! Nimeamka hayupo kitandani, na nimekuta kitambaa cha lile kopo chini ya..."

"Yuko kwangu. Mzima. Nimemshika mkono hapa."

Nikasikia ameketi mahali. Nadhani barabarani, maana honi zilikuwa zinampigia.

"Bastola kaipataje?"

"Nilimpa mimi."

"Na risasi?"

"Zilikuwemo kwenye kopo."

"Si nilikuambia utoe risasi, shemeji?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. "Nilikuja mpaka kwako, nikakuambia utoe. Nikakupigia simu, ukaniambia umetoa. Nikalala usingizi siku tatu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza."

"Nilitoa, mama," nikasema. "Ile ya kwenye mtutu. Niliitoa yote."

Hakunielewa, na mimi sikuweza kumweleza. Kutwa nzima nimesugua risasi ndani ya mtutu kwa brashi ya shaba, na boksi zima nimelikalisha chini ya kitambaa kwa sababu mimi siigusi mali ya mtu. Yeye aliona aibu kunitamkia la mumewe, mimi nikamwona muuaji. Na ile pini niliificha kumzuia yeye.

"Nakuja," akasema.

Tukakaa tunamsubiri. Nikachukua boksi la risasi nikalitia kwenye sefu, bastola nayo, nikafunga. Jumatatu, nilijua, nitaenda nayo polisi na leseni yake, na tutasema ukweli, na nitatangulia mimi kuulizwa kwa nini nilipokea silaha mkononi mwa asiye na leseni. Iwe iwavyo. Nikabandika birika kwenye jiko la umeme, nikamkorogea chai, nikamshikisha kikombe mkononi kwa mikono yangu miwili. Hakukataa.

Akanywa nusu. Halafu akasema, "Ilikuwa na nini?"

"Nini?"

"Bastola. Kwa nini haikupiga? Ulisafisha mwenyewe."

Miaka ishirini na sita sijawahi kumdanganya mteja kuhusu silaha yake. Ndiyo heshima pekee niliyo nayo mjini hapa.

"Pini," nikasema. "Imekatika."

"Imekatika?"

"Vipande viwili. Hapa Bongo haipatikani. Inaagizwa kwao, huko Ulaya, na kiwanda chenyewe nasikia kimeacha kutengeneza za aina hii. Mpaka waipate."

"Inachukua muda gani?"

"Ah, Mangi. Miaka."

Nikainama kumwongezea chai, na kikebe cha bobini kikalia mfukoni mwangu. Kacha. Nikaganda na birika mkononi. Mangi aliinua kichwa, akalitega sikio upande wa mfuko wangu. Nje, mlango wa chuma ulikuwa unagongwa, na sauti ya Caroline inaita.

"Sawa, Mswahili," akasema, akaninyooshea kikombe. "Nitasubiri."